Namba Kumi na Nusu

Kila Jumamosi ya tatu ya Julai ukoo wa Gaskins hukutana katika bustani ya Druid Hill, Baltimore, wote wamevaa fulana za rangi moja, na kila mwaka, baada ya sala na kabla ya keki, Dorsey Gaskins huchukua kipaza sauti na kusimulia habari ya mdogo wake na raba.

Nimeisikia mara kumi na moja. Nimepanga ghorofa ya juu katika nyumba ya huyo mdogo, Linwood, na mpangaji wa siku nyingi huhesabiwa ndugu siku ya kula. Habari yenyewe si ndefu. Mwaka 1994 Dorsey alikuwa na miaka kumi na tisa, kazi yake kuosha magari, akakusanya mshahara wa miezi miwili akanunua raba zilizokuwa zimetoka wakati huo. Kampuni ilizipa jina refu ambalo hakuna aliyelikumbuka. Mtaani ziliitwa Kutu, kwa rangi yake ya chuma kilicholala mvuani. Zilikuwa za ngozi ile laini yenye vinyweleo, inayonywa maji kama mkate. Dorsey alizivaa mara mbili. Mara ya tatu alipoinama chini ya kitanda hakuzikuta, kwa sababu Linwood, mwenye miaka kumi na tatu, alikuwa ameshazijaza soksi mbele ili zimkae, akaenda nazo kwa jirani, ambako meza ilikuwa imetandikwa magazeti na juu yake kapu zima la kaa wa mvuke. Maji ya kaa, pilipili na siki vikamwagikia kiatu cha kushoto. Linwood alipojaribu kukifuta kwa gazeti, vikamwagikia cha kulia.

"Nilizisugua kwa mswaki wangu mwenyewe," ndivyo Dorsey anavyoikaribia tamati. "Nikazianika siku mbili. Nikazivaa kwenda kumwona msichana."

Hapo watoto wote wa ukoo hupaza sauti kwa pamoja: "Paka!"

Kwani paka wa mtaa mzima walimfuata. Mwaka niliohamia mjini paka hao walikuwa wanne. Mwaka jana walikuwa wamefika kumi na mmoja, na mmoja wao alikuwa anachechemea. Linwood husikiliza yote haya akiwa amesimama kando ya maboksi ya barafu, sahani mkononi, uso wake kama wa mtu anayepigwa picha ya pasipoti. Ni mtu wa miaka arobaini na mitatu. Ni fundi wa madirisha mwenye mafundi sita chini yake, ni shemasi kanisani, ana mabinti wawili chuoni. Mbele ya watu themanini wa damu yake, bado ni yule mtoto aliyenukisha raba za kaka yake.

Oktoba iliyopita kampuni ikatangaza kwamba inazitoa upya zile Kutu, rangi ileile, mshono uleule. Linwood alinisimamisha ngazini asubuhi hiyo, simu mkononi, macho yamemtoka. Angenunua jozi moja, namba ya Dorsey, na kuiweka mapajani mwa kaka yake dakika tano kabla hajashika kipaza sauti.

"Atasimulia nini?" aliniuliza. "Raba zake anazo. Kesi hana."

Namba hakuhitaji kumuuliza mtu. Katika mtaa waliokulia, ulijua namba ya kiatu ya kaka yako kama unavyojua siku yake ya kuzaliwa, na ya adui yako uliijua pia, maana siku moja mmoja angeweza kumvua mwenzake. Dorsey alikuwa kumi na nusu. Linwood aliitamka namba hiyo taratibu, kama anayetaja anwani ya nyumba waliyohama zamani.

Bei ya dukani ilikuwa dola mia moja na tisini, lakini huwezi kuingia dukani ukazitoa rafuni. Unaandikisha jina kwenye simu, kisha kampuni inapiga kura. Tulijiandikisha watano: yeye, mkewe Charlette, mabinti wawili na mimi. Saa nne asubuhi simu tano zikaandika maneno yaleyale ya pole. Saa nne na dakika kumi raba zilikuwa mikononi mwa walanguzi, kwenye soko la simu, kwa mia tatu na thelathini.

Charlette ni mwanamke mpole mwenye sheria moja. Chini ya ngazi ya nyumba yao kuna stoo ndogo, na ndani yake, siku hiyo, kulikuwa na maboksi arobaini na moja ya raba, yote ya Linwood, mengine yenye raba ambazo hazijawahi kugusa lami. Sheria inasema jozi haiingii ndani ya nyumba mpaka nyingine zitoke, na inayoingia hulipiwa na zilizotoka, si na senti nyingine yoyote. Linwood alikaa sakafuni Jumapili nzima akichagua. Jumatatu alibeba jozi sita hadi dukani kwa Tavon na kurudi na dola mia mbili na arobaini na sura ya mtu aliyetoka kugawa mbwa wake.

Tavon ana duka jembamba katikati ya saluni na ofisi ya bima, raba zimefungwa nailoni kuanzia sakafuni hadi darini. Ni kijana wa miaka thelathini hivi, hana haraka, humwita kila mteja aliyemzidi umri "mzee." Yeye ndiye aliyemfundisha Linwood kusoma soko. Usinunue wiki ya kwanza, alimwambia, hiyo ni wiki ya wenye wivu. Usinunue Februari wala Machi, serikali inaporudishia watu kodi waliyokatwa, maana hapo kila mtu mjini ana pesa za siku tatu. Nunua siku nyingine mpya zinapotoka, watu wakiwa wanauza za jana ili wapate za leo. Na uangalie namba yako peke yake, kwa sababu kila namba ina soko lake: tisa mpaka kumi na moja ndizo ghali, kwa vile ndiyo miguu ya wanaume wengi.

Nimekaa katika miji ambayo watu huamka na bei ya kahawa, na mingine ambako huamka na bei ya dhahabu. Sijaona mtu aliyeamka na bei kama Linwood. Alining'iniza mfuniko wa boksi la kiatu ukutani jikoni, na kila siku saa sita mchana, popote alipokuwa, juu ya ngazi au ndani ya gari la kazi, aliangalia bei ya Kutu namba kumi na nusu, na jioni aliiandika kwenye mfuniko kwa kalamu nyeusi. Mkesha wa Krismasi ilikuwa mia mbili na sitini na mbili. Katikati ya Januari ikashuka hadi mia mbili arobaini na tisa, na Charlette, aliyekuwa akikaanga samaki, akasema kwamba kwa dola tisa angeweza kufumba jicho moja. Linwood akakataa. Alisema soko linashuka, na mtu hashuki gari linapopunguza mwendo, anasubiri lisimame. Wiki mbili baadaye kodi za watu zikarudi. Mfuniko ukaandikwa mia tatu na kumi na nane, na kwa mwezi mzima hakuna aliyeutaja mezani.

Mei ikamletea siku yake. Saa sita mchana, akiwa kwenye kibaraza cha mteja mtaa wa Reisterstown, bei ilisoma mia mbili thelathini na sita. Alibonyeza. Simu ikamwongezea ada ya soko, ada ya kukagua kama raba si bandia, usafiri, na kodi ya jimbo, jumla mia mbili sabini na saba. Akairudisha nyuma, akabonyeza tena, kana kwamba mara ya pili ingeona haya. Mafundi wake wanasema alikaa kwenye ngazi ya mteja akibishana na simu mpaka mwenye nyumba akamletea maji.

Tangu siku hiyo akaacha kusubiri wauzaji na kuanza kutaja dau lake mwenyewe. Alipiga hesabu ya ada zote akaona dau lisipite mia mbili na moja. Jumapili moja ya Juni, kanisani, akaweka mia moja tisini na moja, kwani la juu lilikuwa mia moja tisini. Kabla kwaya haijakaa mtu fulani akaweka mia moja tisini na mbili. Linwood akapandisha dola moja. Yule naye akapandisha moja. Waliendelea hivyo katika mahubiri yote, simu ikiwa ndani ya Biblia, Charlette akimpiga kiwiko kila dola, mpaka Linwood akafika mia mbili na moja, mwisho wa kamba yake. Yule mtu akaweka mia mbili na mbili, akatulia hapo.

"Dola moja," alirudia njia nzima ya kurudi. "Dola moja, na hata simjui."

Charlette akamwambia kwamba huenda huyo naye ana mke.

Siku iliyofuata akaenda kumlalamikia Tavon, nami nikafuatana naye kwa kuwa nilikuwa na barua za kupeleka posta. Tavon alikuwa akipiga pasi kamba za viatu. Alisikiliza kwa heshima, kisha akacheka kidogo kwa pua.

"Unajua kinachoniuma, mzee?" akasema. "Kumi na mbili zipo mia na sabini. Zimelala hapo tangu Krismasi. Wenye miguu mikubwa hawagombanii kitu."

"Mimi nataka kumi na nusu."

"Najua. Nakwambia tu kwamba ungekuwa na kaka mwenye mguu mkubwa, ungeshazitoa."

Linwood akamjibu kwamba kaka hachaguliwi kwa namba ya kiatu, na tukaondoka.

Siku tisa kabla ya mkutano wa ukoo, Tavon akapiga simu. Mtu mmoja alikuwa anahamia Arizona, anauza kila alichonacho, na kati ya vitu vyake kulikuwa na Kutu namba kumi na nusu, hazijavaliwa. Mkono kwa mkono, bila ada ya mtu. Alitaka mia mbili na arobaini. Linwood aliacha dirisha la mteja limefunikwa nailoni akaenda. Alizipima kwa mkono kiatu kimoja kimoja, akahesabu mishono ya kisigino, akaingiza pua ndani kunusa gundi, kwa sababu gundi ya bandia ina harufu ya rangi ya ukuta, akalipa. Jioni ile alipanda mpaka kwangu na boksi mikononi ili nilione. Hakulifungua. Alilishika tu, kama mtu aliyebeba keki ya harusi kwenye gari lisilo na breki.

Hiyo ilikuwa Alhamisi. Jumatatu kampuni ikatangaza kwamba Septemba itatoa shehena nyingine ya Kutu, na saa sita mchana namba kumi na nusu ilikuwa mia mbili na tano. Linwood hakuwa na sababu ya kuangalia tena. Aliangalia. Jioni akaandika kwenye mfuniko, akikandamiza kalamu mpaka ikatokeza upande wa pili.

Mwaka huu fulana zilikuwa za njano ya ndizi. Dorsey alifika kutoka Richmond saa saba, akafungua kiti chake cha kukunja chini ya turubai, akaketi na hakuinuka, watu wakawa wanamfuata pale pale kumsalimu. Ni mtu mkubwa, mwenye ucheshi, sauti yake ya redio. Yeye na mdogo wake huonana Julai na kwenye mazishi, na Jumapili kadhaa huzungumza kwa simu habari za mpira. Linwood alimsubiri ale kwanza. Sala ilipokwisha akaenda na mfuko wa plastiki, nami nikiwa hatua mbili nyuma yake na sahani ya saladi ya viazi, kwa sababu aliniomba niwe shahidi.

"Kaka," alisema. "Kabla hujasimama. Kuna kitu."

Dorsey akautazama mfuko. "Kama ni ile sosi yako tena, tumbo langu halitaki."

"Fungua."

Akafungua. Akaondoa karatasi laini. Aliinua kiatu cha kushoto hadi usoni, na jambo la kwanza alilofanya ni kukinusa.

"Hakina kaa," alisema.

"Ni mpya. Namba yako."

Dorsey akatazama upande wa kipaza sauti, akamtazama mdogo wake. Kisha akainama, kwa shida, na kuanza kufungua vishikizo vya kiatu alichovaa. Hapo ndipo mimi, na nadhani Linwood pia, tulipoviona viatu alivyokuja navyo: vyeusi, vinene, vipana kama mikate, vyenye mikanda ya kubandika. Watu wanaotazama viatu vya kila mtu hawavitazami viatu vya namna hiyo. Ndani yake mguu ulikuwa katika soksi nyeupe isiyo na mpira, umevimba kuanzia kifundo hadi vidoleni.

Vidole vikaingia. Katikati pakagoma. Linwood akapiga magoti kwenye nyasi, akalegeza kamba tundu moja baada ya jingine mpaka zikatoka zote, akavuta ulimi wa kiatu kwa mikono miwili. Kisigino cha Dorsey kikabaki nje, vidole vinne vya mkono kutoka mahali pake.

"Nani kakwambia kumi na nusu?"

"Ni namba yako."

"Ilikuwa. Nina sukari mwaka wa nne huu, Lin. Kliniki wananipa kumi na mbili, tena pana."

"Hukusema."

"Ningesema wapi? Kwenye kipaza sauti?"

Linwood alibaki pale chini, kamba za viatu zimemzunguka vidole. Binamu mmoja aliita kwamba watu wanasubiri. Dorsey akarudisha mguu wake katika mkate mweusi, akabandika mikanda, akasimama kwa kushika bega la mdogo wake, na akaenda kwenye kipaza sauti na kiatu kipya cha kushoto mkononi.

Akaisimulia. Hakuacha hata neno: magari, mishahara miwili, chini ya kitanda, kapu la kaa, mswaki. Watoto wakapiga kelele za paka, na paka mwaka huu walikuwa kumi na wawili. Watu walipodhani amemaliza akainua kile kiatu juu.

"Miaka thelathini namsubiri huyu alipe," alisema. "Leo kalipa. Kamnunulia yule kijana wa kuosha magari. Yule kijana aliondoka zamani, jamani. Mkimwona mahali, mpeni, kinamtosha."

Sijawahi kuusikia ukoo ule ukicheka vile. Mchungaji alishika meza. Linwood alikuwa ameshafika kando ya maboksi ya barafu, sahani mkononi, na nilimwona akihesabu kimya kimya: mwaka ujao habari zitakuwa mbili.

Kabla ya keki alirudi turubaini na pendekezo la mtu mzima. Arudishiwe boksi, Tavon aziuze leo hii kabla Septemba haijafika, apate kumi na mbili na chenji ibaki. Dorsey alikuwa ameanza kula kaa. Boksi halikuwa miguuni pake wala mezani. Alikuwa ameliviringisha mifuko miwili ya takataka na kulifungia ndani ya buti la gari.

"Zile zangu," alisema, akivunja gando. "Na nilishawahi kuibiwa."

Ndani ya gari, kabla hatujatoka bustanini, Linwood alitoa simu na kuangalia namba kumi na mbili. Ilikuwa mia hamsini na nane. Akaangalia bei za nyuma, mwezi kwa mwezi, Juni, Aprili, Februari yenye pesa za kodi: hakuna siku hata moja ambayo ilipita mia na themanini. Charlette aliiona kutoka kiti cha pembeni.

"Hukumuuliza," alisema.

Linwood alisema mwanamume mzima haulizwi namba ya kiatu. Charlette akasema yeye huulizwa ya kwake kila Krismasi, na kila Krismasi ni ileile.

Jumatatu Tavon alitufahamisha, bila kuinua macho kutoka kwenye pasi yake, kwamba Kutu pana hazitengenezwi na hazijawahi kutengenezwa. Labda kumi na tatu, alisema, kamba zikilegezwa, lakini inategemea mguu wenyewe, inabidi mzee amuulize mwenye mguu. Kumi na tatu ilikuwa mia arobaini na tisa. Nyumbani Linwood aliugeuza mfuniko upande uliokuwa mweupe, ule wenye tundu la kalamu, akaandika namba hiyo juu kabisa. Charlette akaenda kufungua mlango wa stoo na kuuacha wazi.

Kisha Linwood akapiga simu Richmond. Nilikuwa ngazini nikichambua barua. Aliiweka simu kwenye meza ya jikoni ikiwa imefunguliwa sauti, akasimama mbele yake mikono kiunoni kama fundi anayetazama dirisha lililokataa kufunga.

"Kaka," alisema, "nina swali moja tu, na usinitanie. Siku hizi unavaa namba ngapi?"

Upande wa pili palisikika televisheni, watu wakishangilia mpira. Dorsey akakohoa.

"Kumi na nusu," akasema, akakata simu.